Gari ya kukodi Munich, cheti cha Ligula na mipaka mitano: mrejesho wa mtu wa Mtwara

Wadau habari za leo. Naomba nitoe mrejesho wa ile safari yangu maana maswali yamezidi, kijiweni hapa Chikongola kila nikikaa mtu anaanza "hebu tuambie ulivukaje vukaje", na juzi kuna dogo wa Mikindani kanipigia, anaenda kwa mjomba wake Ujerumani mwezi wa tano na wamepanga kuzunguka na gari ya kukodi mpaka Italia. Nikamwambia dogo usilipie kitu kwanza, ngoja niandike yote mara moja usome.

Kwa asiyenijua, mi kazi yangu ni kukodisha magari hapahapa Mtwara. Nina Noah mbili na RAV4 ya zamani kidogo, wateja wangu ni watu wa gesi wa Madimba, watu wa maofisini wanaokwenda Masasi na Newala, na wazungu wachache wanaokuja kuangalia majumba ya kale Mikindani. Kwa hiyo nikisema kampuni ya kukodisha magari imenizingua naongea kama mtu wa kazi. Jina lao silitaji, sitaki kesi na Wajerumani.

Kwa wavivu wa kusoma: gari yenyewe nyota tano, kampuni iliyotupa gari nyota mbili, duka la dawa la mtaani kwa dada nyota tano na ingekuwepo ya sita ningewapa.

Safari ilikuwa Oktoba 2021. Dada yangu yuko Munich miaka mingi, kaolewa huko, ana mtoto mmoja wa miaka minane ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila anakujibu kwa Kijerumani. Shemeji ndo alipanga njia: tunashuka Austria, tunavuka pale Brenner tunaingia Italia mpaka Venice, tunapita Trieste, tunaingia Slovenia, siku mbili Croatia baharini, afu tunarudi kupitia Austria tena. Gari yao wenyewe ni ndogo na sisi ukoo wetu mnaujua kwa mizigo, ndo tukasema tukodi kubwa.

Sa kabla sijafika kwenye gari lazima niongelee cheti cha chanjo ya korona, maana kipindi kile bila cheti gari ilikuwa bati tu limepaki.

Mnakumbuka chanjo huku kwetu ilizinduliwa na Mama Samia tarehe 28 Julai, zile dozi milioni moja na ushee za Janssen zilizokuja kupitia COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na hiyo Janssen wengi tunaiita JJ. Mi nilichanja hospitali ya Ligula hapa Mtwara mwanzoni mwa Agosti, foleni haikuwepo, tulikaa watu saba kwenye benchi na wawili wakaondoka kabla hawajaitwa. Mlinicheka sana, wengine mkasema nitaota mkia, leo mnaniuliza nilivukaje. Basi bahati yangu JJ ilikuwa kwenye zile chanjo nne ambazo Ulaya walishazipitisha, ikiwa pamoja na Pfizer, Moderna na AstraZeneca, na Wajerumani tangu 25 Juni walikuwa wameruhusu watu wa nje waliochanjwa kamili kwa hizo kuingia hata kwa kutembea tu. Sinopharm walikuwa hawaitambui. Na JJ ilikuwa sindano moja, siku 14 zikipita tayari unahesabika.

Cheti changu nilikitoa mtandaoni nikakiprinti steshenari, kina QR yake safi kabisa. Nimefika Munich dada anakiskani na simu, hakisomi. Anaskani tena, hakisomi. Siyo feki, ni kwamba mfumo wa kwetu na mfumo wa kwao ulikuwa haujaunganishwa. Wao tangu 1 Julai 2021 walikuwa na cheti kimoja cha Umoja wa Ulaya, kikitoka Ureno kinasomeka Finland. Karatasi yangu ilinitosha uwanja wa ndege kwa sababu pale kuna afisa anayekaa akaisoma kwa macho, ila mhudumu wa mgahawa Italia alikuwa na programu inaitwa VerificaC19 kwenye simu, anakuskani inatoa alama ya kijani au nyekundu basi, hana muda wa kusoma karatasi ya Wizara ya Afya ya Tanzania huku meza kumi zinamsubiri.

Ndo tukaenda maduka ya dawa. Kule Ujerumani duka la dawa lilikuwa na uwezo wa kuingiza chanjo yako kwenye mfumo wakakupa QR ya Ulaya. La kwanza walikataa kabla hata sijamaliza kuitoa karatasi kwenye bahasha, wakasema ya Afrika hawafanyi. La pili, mtaani kwa dada kabisa, kuna mama mtu mzima miwani kaining'iniza shingoni, alichukua pasi yangu na cheti akakaa navyo karibu dakika ishirini, anasoma jina la chanjo, namba ya bechi, tarehe, anafungua kompyuta anahakikisha, wateja nyuma yetu wanaanza kuhema. Akaniuliza Mtwara iko wapi, nikamwonesha kwenye ramani ya simu pale chini kabisa karibu na Msumbiji. Akatikisa kichwa, akabonyeza, printa ikalia. Dada akaskani na ile programu yao ya CovPass na hapo hapo jina langu likatokea, JJ, dozi 1/1. Bei: sifuri, serikali yao ndo ilikuwa inawalipa. Nilirudi kesho yake na pakiti ya korosho, alisita kidogo kupokea, dada akamwambia kwetu ukikataa zawadi umetukana, akapokea. Hawa ndo niliosema nyota tano. Vituo vyote tulivyopita baada ya hapo, nilivuka kwa ile karatasi ya yule mama.

Kitu kingine watu hawakijui ni zile siku 14. Italia walikuwa wamepanga nchi kwa makundi ya herufi, Ujerumani ilikuwa kundi C unaingia na cheti tu, Tanzania tulikuwa kundi E na nchi nyingine nyingi za dunia, na kundi E kutembea tu ilikuwa hairuhusiwi. Ile fomu yao ya mtandaoni ya abiria ilikuwa inauliza umekuwa nchi gani siku 14 zilizopita. Ilikuwa haiulizi pasi yako ya wapi. Kwa hiyo mi ilibidi nikae Munich wiki mbili zipite kwanza, siku ya kumi na sita ndo tukaondoka. Shemeji alikuwa anahesabu siku kwenye kalenda ya jikoni kama mtu anasubiri mwandamo. Mtoto naye kwa sababu hajachanjwa alihitaji kipimo cha haraka ndani ya saa 48 kabla ya kuingia Italia, na hapo tuliponea chupuchupu kwenye hela, maana vipimo vya bure kwa wote Wajerumani walivikata tarehe 11 Oktoba ila walio chini ya miaka 12 wakaachiwa.

Haya, gari.

Tulikodi Skoda Octavia ya dizeli, ile ndefu ya nyuma, otomatiki. Wazee wa spea msinicheke lakini ile gari ni tamu. Buti linameza, masanduku manne, baiskeli ya mtoto, ndoo ya dada ya vyakula maana dada hata aende mwezini atabeba ndoo ya vyakula, na bado mlango unafunga bila kukalia. Tumekwenda kama kilomita 1,300 na ushee tumejaza mafuta mara mbili tu, na milimani haikohoi.

Tatizo ni waliotupa. Kwenye kaunta kijana alikuwa na kioo cha plastiki mbele yake na chini kuna kitundu cha kupitishia karatasi, unaongea unasikia sauti yako mwenyewe inarudi. Akauliza nchi zote tutakazopita, akaziandika, akatuchaji hela ya kuvuka mipaka, akasema hiyo hela ndani yake kuna stika ya barabara za Austria. Kumbukeni hilo neno. Mi nikaandikwa dereva wa pili, nayo ina hela yake kwa siku, akataka leseni ya kimataifa pamoja na ya kwetu, nilikuwa nayo nilikata Dar kabla ya kuondoka. Dogo, hiyo ukate hukuhuku.

Gari ikaletwa, mlangoni kuna stika kubwa kama muhuri wa TRA kwenye kontena, inasema gari imepulizwa dawa na hakuna mtu aliyeingia tena. Shemeji kabandua kwa heshima zote. Tumekaa, mtoto kafungua droo ya dashibodi anatafuta pa kuweka vitu vyake, kakuta barakoa iliyotumika. Ya mtu. Imekunjwa vizuri kabisa. Na chini ya siti ya nyuma makombo ya biskuti. Sasa mi pale Mtwara sina stika ya muhuri, nina kijana na ndoo na sabuni ya unga, lakini barakoa ya mteja wa jana hutaikuta kwenye Noah yangu, na mteja akija tunaizunguka gari pamoja, mikwaruzo yote tunapiga picha ndo funguo inatoka. Wale walitupungia mkono kupitia kioo wakasema safari njema. Nikamwambia shemeji subiri, nikapiga picha mwenyewe, 46, pamoja na ile barakoa.

Tumetoka mjini tuko njiani kwenda Kufstein, mji wa mpakani upande wa Austria, ndo shemeji anaangalia kioo cha mbele anasema mbona hii stika ya bluu. Austria huendi barabara kuu bila stika yao, vinjeti wanaiita, na kila mwaka walikuwa wanabadili rangi ili polisi aione kwa mbali. Ya 2020 ilikuwa bluu ya anga. Ya 2021 ilikuwa kijani cha tufaha. Yaani tulikuwa na stika ya mwaka jana na hela tumelipa! Ukikamatwa bila stika halali faini ilikuwa euro 120. Tukasimama sheli kabla ya mpaka tukanunua ya siku kumi, euro 9.50, risiti ninayo mpaka leo. Shemeji akapiga simu kampuni, muziki dakika kumi na tano, mtu akapokea akasema tutumie barua pepe.

Mpaka wa kwanza basi. Nilikuwa nimeshika pasi, cheti, karatasi ya mwaliko, bima ya safari, zote mkononi nimezipanga kama mtu anakwenda kwenye usaili. Dada akaniambia tumeshavuka. Nikamuuliza wapi. Akasema lile bango la bluu lenye nyota. Hakuna geti, hakuna kamba, hakuna askari hata wa kupunga. Brenner ndo nilijua hapa sasa, maana ni juu zaidi ya mita 1,300, baridi, na ndo njia kuu ya kupita Alps, malori yameungana kama treni, nikasema hapa Waitaliano watatuchambua. Tukapita kwenye mwendo wa kawaida. Ile fomu yao tuliyoijaza usiku kucha, gari nzima fomu moja, hakuna aliyeiuliza njia nzima.

Munich mpaka Venice ni kama Mtwara mpaka Dar, kilomita mia tano na arobaini hivi, sisi yetu ni mia tano sitini. Sa niambieni, Mtwara mpaka Dar bila kuvuka nchi yoyote unasimamishwa mara ngapi? Trafiki, tochi, mizani, maliasili. Mi kwenye mipaka miwili ya kwanza sikusimama hata sekunde.

Nilipokutana na mpaka ni kwenye kahawa. Kweli kabisa. Tumesimama sheli ya njiani Italia, tunataka kukaa tule, mlangoni kuna binti na simu, cheti? Ananiskani, kijani, Bwana asifiwe. Kuna mzee mmoja Mwafrika pembeni nadhani dereva wa lori, kashika karatasi ya nchi yake, simu ya binti inakataa, karatasi ya kwake haisomeki kama ya kwangu ilivyokuwa haisomeki. Akakataliwa kukaa. Ila kulikuwa na mlango wa uani, sheria yao ilikuwa inasema kukaa mezani ndani lazima cheti, kunywa umesimama kaunta siyo lazima. Yule mzee akaenda kaunta akanywa kahawa yake amesimama, mita mbili kutoka kwetu sisi tuliokaa. Korona ya kule inaogopa viti. Nilimtazama nikamkumbuka yule mama wa duka la dawa na miwani yake, mana zile dakika ishirini alizonipa ndo tofauti yote kati yangu na mzee yule.

Barakoa nazo zilikuwa na mipaka yake. Austria kwenye supamaketi lazima ile ngumu ya FFP2, ukija na ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali unarudishwa. Italia ile ya bluu inatosha. Dada alikuwa na maboksi mawili mbele ya gia anagawa kama konda anatoa chenji, "hapa ngumu, hapa laini".

Venice sina mengi, maji mengi, hela nyingi, Mikindani ingekarabatiwa ingewafunga. Gari mnaiacha nje. Verona ndo tuliharibu. Shemeji alitaka kupita kuona ule uwanja wa kale wa Warumi, akafuata ramani ya simu, tukaingia mtaa una kamera na bango jeupe la duara lenye ukingo mwekundu. Maana yake eneo la wakazi tu. Hakuna aliyetusimamisha na tukasahau. Hilo la Verona nitalirudia.

Sa hadithi ya Croatia. Usiku kabla ya kutoka Trieste dada kaomba pasi yangu anaangalia viza, kanyamaza, kaniuliza hii umeandikiwa kuingia mara ngapi. Mara moja. Wadau sikilizeni hapa hata kama mengine mmeruka. Slovenia iko ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Croatia iko Umoja wa Ulaya lakini mwaka huo wa 2021 Schengen ilikuwa haimo. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja ukitoka Slovenia ukagongewa muhuri wa kutoka, viza ilikuwa imeisha, kurudi Slovenia huwezi, na Croatia wenyewe wangekuuliza viza yao iko wapi mana waliyokuwa wanaikubali ni ile ya kuingia mara mbili au zaidi. Ningebaki katikati pale kama lori la korosho lililokatika ekseli kwenye daraja. Siku mbili za baharini zikafutwa, hoteli waliturudishia nusu. Kosa ni langu, kwenye fomu ya ubalozi kuna kisanduku cha kuingia mara nyingi na mi niliweka tiki kwenye mara moja nikidhani nitaonekana mnyenyekevu.

Kuingia Slovenia ndo tukasimamishwa mara ya kwanza, polisi mmoja tu kando ya barabara, anachagua magari. Hapo nilikuwa na wasiwasi wa kweli kwa sababu mwishoni mwa Septemba wao walikuwa wamesimamisha hiyohiyo JJ baada ya binti wa miaka 20 kufariki, na mi cheti changu kimeandikwa JJ. Akaskani, kijani. Akaangalia pasi, akaangalia viza, akaniangalia mi, akasema "Tanzania, Kilimanjaro". Nikasema ndio afande, ingawa Kilimanjaro mi nimeiona kwenye chupa ya maji tu. Stika ya Slovenia tulinunua ya wiki euro 15, na mjue tangu Februari 2022 wamehamia ya kielektroniki, unasajili namba ya gari, ukiwa na ya kukodi hakikisha namba unaiandika sawasawa. Cheti kule walikuwa wanakitaka mpaka kwenye huduma ndogondogo, shemeji kuingia ndani kulipia mafuta karudi kwenye gari kuchukua simu.

Tulilala Piran, mji mdogo umechomoza baharini. Jioni ukisimama ukingoni unaiona Croatia ng'ambo ya ghuba, taa zinawaka, nyumba zinaonekana kabisa. Nilisimama pale nikajiona niko Kilambo, unaitazama Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma na pantoni inasubiri maji yajae. Tofauti Kilambo nina ndugu ng'ambo na kabla ya yale mashambulizi ya Palma, kule Msumbiji, nilikuwa napeleka wateja mpaka ukingoni. Mtoto akaniuliza kwa Kijerumani mjomba kwa nini hatuendi pale, dada akatafsiri, nikamwambia mjomba wako aliweka tiki vibaya.

Kesho yake Slovenia niliendesha mi, kutoka Koper mpaka kuikaribia Ljubljana. Barabara kama zulia. Kuendesha upande wa kulia wa barabara unazoea baada ya dakika kumi, kitu ambacho sikuzoea ni indiketa. Kwenye magari yetu ya Kijapani iko mkono wa kulia, kule iko kushoto, kwa hiyo kila nikitaka kupita gari nawasha waipa. Jua linawaka, waipa zinafuta kioo kikavu, Waslovenia wananipisha wenyewe, nadhani walijua huyu ana matatizo. Shemeji akaomba usukani kwa upole.

Kurudi Austria unapita handaki la Karawanken, karibu kilomita nane chini ya mlima, na ukitokeza tu ndo hao, Waustria walikuwa na ukaguzi pale tangu ile shida ya wakimbizi ya 2015, na korona ikawaongezea kazi. Vyeti vya watu wazima, pasi yangu, kipimo cha mtoto walikiangalia tu wakasema nenda. Dakika tatu. Kuingia Ujerumani karibu na Salzburg nako kuna polisi, na hapo kulikuwa na fomu nyingine ya mtandaoni kwa sababu Wajerumani walikuwa wameiweka Slovenia kundi la hatari kubwa mwishoni mwa Septemba. Ukiwa umechanjwa unajaza, unapandisha cheti, karantini hukai. Dada alijaza kwenye simu gari inatembea, mi namsomea namba za pasi, intaneti inakatika kwenye kila handaki tunaanza upya. Polisi alitaka kuona tumejaza, tukamwonesha, basi.

Gari tukairudisha salama, imejaa mafuta, nimeipiga picha tena. Kijana wa kaunta kazunguka mara moja akasema sawa. Tukamwambia habari ya stika ya bluu, akasema andikeni barua pepe. Tukamwambia tuliandika. Akasema basi mtajibiwa.

Walichojibu ni kingine. Januari 2022 mi nishakuwa Mtwara nahangaika na Noah imekufa gia Nanyamba, dada ananitumia picha ya barua: kampuni imekata euro 30 na kitu kwenye kadi ya shemeji, eti gharama za usumbufu wa kuwapa manispaa ya Italia jina la dereva. Hiyo siyo faini jamani, hiyo ni hela ya kutaja jina! Faini yenyewe ya ile kamera ya Verona inakuja peke yake kwa posta. Hapo mi kama mfanyabiashara nilikaa kimya kidogo, mana sijawahi kufikiria kwamba kutaja jina la mteja kwa trafiki ni huduma ya kulipisha.

Dogo wa Mikindani, mambo yamebadilika tangu nirudi kwa hiyo usinifuate mi neno kwa neno. Tangu 15 Januari 2022 Ujerumani JJ moja ilikuwa haihesabiki tena kuwa kamili, walitaka ya pili, ukiwa na 1/1 kama yangu ulikuwa umekwama. Tangu 1 Februari 2022 cheti cha chanjo za mwanzo bila busta kilikuwa kinaishi siku 270 kwa kusafiri ndani ya Ulaya. Austria tangu Desemba 2021 walikuwa wanataka na busta au kipimo cha PCR juu yake. Walikuwa wanabadili kama bei ya korosho mnadani, uangalie wiki ya safari siyo leo. Viza omba ya kuingia mara nyingi hata kama unaona aibu. Chanjo kipindi kile ilibidi uchukue pale Ligula mapema, na uende na cheti cha karatasi chenye muhuri siyo picha kwenye WhatsApp, duka la dawa walitaka kukishika. Ukikodi gari angalia rangi ya stika kwenye kioo kabla hujapokea funguo, fungua na droo. Ramani ya simu ikikuingiza katikati ya mji wa kale Italia ukaona lile bango la duara lenye ukingo mwekundu, rudi nyuma hata kama wanakupigia honi.

Ile kampuni barua pepe ya tatu shemeji katuma wiki iliyopita, ameambatanisha risiti ya 9.50, picha ya stika ya bluu na picha ya barakoa. Wakirudisha hiyo hela nitakuja hapahapa kuwaongezea nusu nyota.